Jinsi ya Kupunguza Kelele za Umeme kwenye Kebo za Mtandao Nyumbani: Mwongozo Kamili

Simu ya video ikikwama kila friji inapowaka, wa kwanza kulaumiwa huwa kampuni ya intaneti, wa pili ruta. Kebo iliyolala nyuma ya kabati haikumbukwi. Na siku ikikumbukwa, mwenye nyumba hukimbilia kununua ile yenye foili (karatasi nyembamba ya chuma inayozunguka nyaya), ya bei kubwa kuliko zote, akidhani amemaliza kazi.

Mara nyingi haikuhitajika. Katika nyumba ya kawaida, kelele za umeme, yaani mawimbi ya umeme yasiyotakiwa yanayoivuruga ishara ya kebo, huondolewa na mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: kuitenga kebo ya mtandao na nyaya za umeme, na kuzifunga ncha zake vizuri. Foili huja mwisho kabisa, na ikifungwa ovyo inaweza kuleta shida ambayo haikuwepo. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zimepangwa hivi zilivyo. Usiruke ya kwanza.

Kelele zinaingiaje?

Ukichuna kebo ya mtandao utakuta nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Ishara haisafiri kwenye waya mmoja. Volteji ya waya mmoja ikipanda, ya mwenzake hushuka, na kifaa cha upande wa pili husoma tofauti kati ya hizo mbili. Kelele zikitoka nje huzipata nyaya zote mbili karibu sawasawa, kwa sababu zimesokotana na kila moja hupokezana nafasi na mwenzake. Zote zikisukumwa kwa kiasi kilekile, tofauti kati yake haibadiliki, na kelele zinajifuta zenyewe. Ni ujanja wa zamani: Alexander Graham Bell alipata hataza ya waya zilizosokotwa mwaka 1881, kwa ajili ya simu. Kwenye kebo za leo kila jozi imesokotwa kwa kipimo chake, tofauti na jirani zake, ili jozi moja isiivujie nyingine.

Kwa hiyo kinga ya kebo ni msokoto. Chochote kinachoufungua, kuubana au kuuvuruga kinapunguza kinga hiyo, hata kama kebo ni ya daraja la juu.

Jambo la pili watu wengi hawalijui: umeme wa nyumba wenyewe, ule unaobadilika mara 50 au 60 kwa sekunde, si adui mkubwa. Ishara ya gigabiti 1 hubeba alama milioni 125 kwa sekunde kwenye kila jozi, na ndani ya soketi ya kila kifaa mna transfoma ndogo zinazozuia mawimbi ya polepole kama hayo. Kinachosumbua ni cheche na mipigo ya ghafla. Mota zenye brashi, kama za drili na blenda. Kompresa ya friji inapowaka na kuzima. Dima za taa, inveta za sola, mashine za kuchomelea. Na chaja za bei ya kutupa, ambazo ndani yake mtengenezaji ameacha vichujio ili kupunguza gharama.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni kelele

Kama kompyuta yako iko kwenye Wi-Fi, hujaipima kebo. Tanuri ya maikrowevu huvuruga Wi-Fi ya gigahezi 2.4, na kebo utakayobadilisha haitasaidia kitu. Chomeka kompyuta kwa waya kwanza, halafu angalia mambo haya mawili.

La kwanza ni kasi ya muunganisho, inayoonekana kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta. Ikiwa vifaa vyote viwili vina uwezo wa megabiti 1000 lakini vimekubaliana 100, usianze kuwinda kelele. Muunganisho wa 100 hutumia jozi mbili tu, wa 1000 unataka zote nne. Kushuka kwa namna hiyo karibu kila mara ni waya uliokatika au pini isiyogusa. Nenda moja kwa moja hatua ya 5.

La pili ni hesabu ya makosa. Kila fremu, yaani kifurushi cha data, hubeba tarakimu za uhakiki, na kifaa kinachopokea hukitupa chochote kisicholingana nazo, kisha huhesabu. Kwenye Linux andika `ethtool -S` likifuatiwa na jina la kadi ya mtandao, au `ip -s link`. Kwenye Windows andika `netstat -e`, kwenye Mac `netstat -i`. Tafuta mistari yenye maneno errors, CRC au FCS. Kwenye kebo ya nyumbani isiyo na kasoro hesabu hiyo hukaa sifuri, au haisogei kwa siku nyingi.

Iandike hesabu uliyoikuta. Kisha sukuma data nyingi kati ya kompyuta mbili zilizomo ndani ya nyumba, zote zikiwa kwenye waya, kwa programu ya bure ya iperf3. Usitumie kipimo cha kasi ya intaneti hapa, maana hicho huchanganya kebo yako na barabara nzima ya nje. Data ikiendelea kupita, washa kifaa unachokishuku, kizime, kiwashe tena, ukitazama hesabu.

Makosa yakiongezeka pale tu kifaa kinapowaka, ni kelele. Yakiongezeka muda wote, kifaa kikiwa kimewashwa au kimezimwa, ni kebo mbovu au ncha mbovu. Yasipoongezeka kabisa na bado intaneti inakatika, kebo yako haina kosa na shida iko kwenye ruta au nje ya nyumba. Jibu hili la tatu ndilo linalowaudhi watu, lakini ndilo linalowaokolea pesa.

Hatua ya 2: Mtafute anayepiga kelele

Kifaa bora cha kazi hii ni redio ndogo ya betri yenye mawimbi ya AM. Itegeshe mahali pasipo na stesheni, ongeza sauti, tembea nayo polepole kando ya kuta, adapta na taa. Karibu na kifaa kichafu utasikia mvumo au mkwaruzo unaokua kadiri unavyosogea. Redio haisikii kila masafa yanayoweza kuisumbua kebo, kwa hiyo ichukulie kama kidole kinachoonyesha upande. Hukumu itatolewa na ile hesabu ya makosa.

Njia nyingine ni kuzima sakiti breka moja baada ya nyingine, kompyuta na ruta zikiwa zinatumia betri. Kelele zikinyamaza, chanzo kiko kwenye chumba cha breka uliyoizima. Washa tena, kisha chomoa vifaa vya chumba hicho kimoja kimoja.

Usiwahi kukiondoa kifaa kwenye orodha kwa sababu kinafanya kazi vizuri. Huko Aberhosan, kijiji cha Wales, intaneti ya kijiji kizima ilikuwa ikianguka kila asubuhi saa moja kwa muda wa miezi 18. Mafundi walibadilisha hata kebo za njiani bila mafanikio. Mwaka 2020 walizunguka kijijini na kipima mawimbi, na wakakifikia chanzo: televisheni kuukuu ambayo mwenyewe alikuwa akiiwasha kila siku saa ileile. Televisheni hiyo ilionyesha picha kama kawaida. Intaneti yao ilipita kwenye nyaya ndefu za simu, ambazo hudhurika kirahisi kuliko kebo fupi ya ndani, lakini uchunguzi ni uleule: angalia saa ambazo tatizo hutokea, kisha uliza ni nini huwashwa saa hizo.

Hatua ya 3: Ikague kebo

Soma maandishi kwenye ganda, yanayotaja daraja la kebo. Cat5e inatosha kwa gigabiti 1 hadi mita 100, ukijumlisha na vipande vya mwisho vya kuunganishia. Cat6 ina nafasi zaidi ya kuvumilia kelele na ndiyo ningeiweka ukutani leo, kwa kuwa kazi ya kupasua ukuta ni ileile. Cat6A ni ya wanaotaka gigabiti 10 kwa mita 100 kamili. Kebo za Cat8 zinazonadiwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta hazina kazi nyumbani. Daraja hilo lilibuniwa kwa safari zisizozidi mita 30 kwenye vituo vya data.

Kilicho muhimu kuliko daraja ni madini yaliyomo. Kebo nyingi za bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na huwa zimeandikwa CCA, au hazikuandikwa chochote. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, hukatika ikikunjwa mara chache, na hulegea ndani ya pini kadiri muda unavyokwenda. Ishara inayofika ikiwa dhaifu, kelele ndogo tu inatosha kuishinda. Ukwangue waya mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini. Hata uzito wa boksi hukuambia, maana la alumini huwa jepesi waziwazi.

Zile kebo bapa kama utepe ziache kwa vipande vifupi vya mezani. Baadhi hazina msokoto wa maana ndani.

Hatua ya 4: Ibadilishie njia

Hapa, pamoja na ncha za hatua ya 5, ndipo penye faida kubwa.

Kelele huruka kutoka waya wa umeme hadi kebo ya mtandao pale zinapolala sambamba, na hesabu yake ina pande mbili: zimekaribiana kiasi gani, na kwa urefu gani. Kebo mbili zilizogusana kwa nusu mita nyuma ya meza hazina neno. Zikitembea pamoja mita 15 ndani ya dari, hiyo ni habari nyingine.

- Kwenye safari ndefu za sambamba acha sentimita 20 au zaidi kati ya kebo ya mtandao isiyo na foili na nyaya za umeme. Pasipowezekana, usishuke chini ya sentimita 5.
- Zikilazimika kukutana, zivushe kwa pembe mraba, kama alama ya kujumlisha, kisha zitengane tena.
- Kaa angalau sentimita 13 kutoka taa za tyubu, na mbali zaidi na inveta, jenereta na mota.
- Usipitishe kebo ya mtandao na nyaya za umeme ndani ya bomba moja. Hili si suala la kelele peke yake: ganda likichubuka, umeme wa ukutani utaingia kwenye ruta na kwenye chochote unachokishika kwa mkono.

Ikiwa nyumba ilishajengwa na bomba ni lile moja, shusha kebo ya mtandao upande wa pili wa ukuta kwa tranki, yaani mfereji wa plastiki wenye kifuniko unaobandikwa juu ya ukuta. Haitapendeza kama iliyofichwa, lakini tranki yenye vyumba viwili hutenga umeme na data vizuri, na siku ya kubadilisha kebo hutapasua chochote.

Unapoivuta, usiikunje kwa kona kali. Kanuni ni mpindo usiopungua mara nne ya unene wa kebo. Kwa Cat6 yenye unene wa milimita 6 hivi, hiyo ni sentimita 2.5. Usiipigilie misumari inayoibana. Ganda likiingia ndani, jozi zilizo chini yake zimeshasogea kutoka mahali pake. Tumia vifungo vya kitambaa vinavyonatana, visivyokazwa sana: kebo iweze kuteleza ukiivuta kwa vidole viwili.

Hatua ya 5: Funga ncha upya

Kama una saa moja tu ya kazi, itumie hapa. Ncha ndiyo sehemu pekee ya kebo ambayo kiwanda hakikuifunga, na ndipo msokoto hufunguliwa kwa mkono wa mtu.

Chuna ganda sentimita tatu, taratibu, bila kuzikwaruza nyaya za ndani. Zipange kwa mpango wa T568B, kutoka kushoto, meno ya dhahabu ya plagi yakikutazama na mdomo unaoingiza kebo ukiwa chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Unaweza kutumia T568A badala yake, mradi ncha zote mbili zifanane.

Angalia kijani ilivyokaa. Jozi yake iko kwenye pini ya 3 na ya 6, ikiirukia jozi ya buluu iliyo katikati. Fundi asiyejua huona mpango huo haujanyooka, akapanga rangi zifuatane mbili mbili kutoka pini ya 1 hadi ya 8, ncha zote mbili. Kipima kebo cha taa nane kitamwashia zote kwa mpangilio, naye ataondoka ameridhika. Kumbe ishara ya pini 3 na 6 sasa inapita kwenye nyaya mbili za jozi tofauti, ambazo hazikusokotana. Kinga imekufa kabisa kwenye ishara hiyo, na kila mota ya nyumba inasikika ndani yake. Kosa hili nimelikuta kwenye nyumba zilizofungwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, na halionekani kwa kipima cha taa, kwa sababu kipima hicho huuliza tu kama waya umefika. Macho yako ndiyo yatakayoligundua: soma rangi kupitia plastiki ya plagi.

Ukishapanga, nyoosha nyaya, zikate zilingane, usukume hadi zifike mwisho wa plagi. Sehemu iliyofunguliwa msokoto isizidi milimita 13. Ganda la nje lazima liingie ndani ya plagi hadi lishikwe na kile kibano cha plastiki. Ukiona rangi za nyaya nje ya plagi, kata uanze upya. Kisha krimpu, yaani ibane plagi, kwa koleo lake, siyo kwa bisibisi na nyundo.

Kuna plagi za waya mgumu wa ukutani na plagi za waya laini wenye nyuzi nyingi. Meno yao ni tofauti, na yakikosea waya, mguso utakuwa mzuri leo na mbovu baada ya miezi kadhaa. Ndiyo maana napendelea kebo ya ukutani iishie kwenye soketi ya ukutani, halafu kutoka hapo hadi kwenye kifaa kitumike kipande kilichofungwa kiwandani. Soketi huruhusu msokoto ufike hadi kwenye meno yenyewe, na hazina kubahatisha.

Hatua ya 6: Mtulize mwenye kelele

Ulichokipata kwenye hatua ya 2 huenda kikawa kitu cha kubadilisha tu. Chaja chafu tupa. Taa ya LED inayovuma kwenye dima huwa haikutengenezwa kwa dima. Badilisha taa au dima. Ruta iliyochomekwa kwenye kiunganishi kimoja na friji ihamishie kwenye soketi ya sakiti nyingine.

Kwa kifaa usichoweza kukiondoa, tafuta pete ya feraiti (pete ya sumaku inayomeza kelele) na uizungushie waya wake wa umeme mara kadhaa, karibu kabisa na kifaa. Watu huifunga kwenye kebo ya mtandao. Inasaidia zaidi kule kelele zinakotoka.

Kama kelele ziko nyumba nzima, mwite fundi umeme apime ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Nyumba isiyo na ethi nzuri ina tatizo kubwa kuliko intaneti.

Hatua ya 7: Foili, ikibidi

Kebo yenye foili inafaa pale umbali haupatikani: inapopita kando ya inveta kubwa, karakana, au mota ya pampu. Alama ya F/UTP ina foili moja inayozunguka jozi zote. S/FTP ina foili kwa kila jozi na wavu wa chuma juu yake.

Lakini foili hufanya kazi yake sawasawa ikiwa ina njia ya kwenda ardhini. Plagi ziwe za chuma, soketi ziwe za chuma, na angalau upande mmoja uishie kwenye kifaa au paneli iliyounganishwa na ethi ya nyumba. Ruta nyingi za nyumbani zina soketi za plastiki na adapta ya pini mbili, kwa hiyo foili iliyoishia humo haijaungwa popote. Ikiachwa inaning'inia ncha zote mbili, inaweza kugeuka antena. Usijaribu kuiunga kwenye bomba la maji wala waya wa nyutro.

Ethi za ncha mbili zikitofautiana volteji, kama ilivyo kati ya majengo mawili, mkondo utatembea ndani ya foili yenyewe. Hapo umejitengenezea kelele mpya, na usalama wako umepungua.

Hatua ya 8: Kati ya majengo mawili, tumia faiba

Kwenda kwenye banda la nje, nyumba ya mlinzi au ofisi ya uani, achana na shaba. Faiba ni kioo. Haibebi umeme, haisikii mota, na radi ikipiga karibu haipati waya wa kupitia hadi sebuleni. Nunua iliyofungwa ncha tayari, isiyo na uzi wa chuma ndani, pamoja na vigeuzi viwili vya faiba au swichi zenye nafasi za SFP (za kuchomekea viunganishi vya faiba). Ipitishe ardhini kwenye bomba lake na usiikunje kwa kona kali. Faiba, tofauti na shaba, inaweza kupita sambamba na nyaya za umeme bila kusikia kitu, ila sheria za usalama za bomba lenye umeme bado zinabaki.

Hatua ya 9: Pima tena

Rudia kipimo cha hatua ya 1 bila kubadilisha chochote: kompyuta zilezile, kifaa kilekile kikiwashwa na kuzimwa. Fanya hivyo baada ya kila hatua, usisubiri zote ziishe, vinginevyo hutajua ni ipi iliyosaidia. Hesabu ya makosa ikiganda huku friji inawaka na kuzima, umemaliza. Hatua zilizobaki hazina sababu ya kuzigusa.

Na kama imeganda lakini intaneti bado inakatika, andika tarehe na saa za kila ukatikaji kwa wiki moja, pamoja na kasi ya muunganisho na hesabu ya makosa ya saa hizo, kisha ipigie simu kampuni ya intaneti ukiwa na karatasi hiyo mkononi. Watakuuliza kama umezima ruta ukaiwasha. Wajibu ndiyo, kisha wasomee zile saa.